Nilitunga ngoma ya harusi bila kujua bwana harusi ni mume wangu

Habari zenu humu ndani. Admin, jina langu usilitoe, huku Singida tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Mwankoko na mume wangu na watoto. Tuna kikundi kidogo cha ngoma. Hatuimbi, tunapiga tu: ngoma kubwa, ngoma ndogo mbili, debe na kayamba. Mume wangu ndiye kiongozi, anatafuta kazi na kupanga safari, lakini mapigo yote natunga mimi, na ngoma kubwa napiga mimi. Kayamba alikuwa anapiga binti mmoja, nitamwita Zuhura. Nilimfundisha mwenyewe tangu hajui hata kuishika. Alikuwa anakula kwangu, ananiita dada.

Baada ya mavuno mume wangu alirudi nyumbani amechangamka. Akasema, "Mke wangu, kuna harusi Sepuka. Bwana harusi anataka kitu kipya, hakijawahi kupigwa popote. Cha kumwingiza bibi harusi."

Nikamuuliza huyo bibi harusi yukoje, maana mimi siwezi kutunga hewani. Akacheka. "Mpole. Anatembea taratibu. Mtungie kama unamtungia mdogo wako."

Jamani, nilitunga. Nilikuwa napeta alizeti uani, nikasikia zile mbegu zinavyoteleza kwenye ungo, nikasema hapa ndipo kayamba itaanzia, peke yake, kabla ngoma ndogo hazijaitikia. Nikawa napika huku nagonga sufuria, naunguza mboga, watoto wananicheka. Ngoma kubwa niliiweka mwisho, iingie polepole kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Sijawahi kutunga kitu nikakipenda vile. Mume wangu alikuwa anakaa pembeni anatikisa kichwa, ananiambia, "Hapo pazuri, ongeza kidogo." Nami naongeza.

Kwenye mazoezi Zuhura hakuwepo. Wakaniambia yuko Kinampanda anamuuguza shangazi yake. Nikamwombea dua. Kayamba akashika kijana wa debe, tukapanga upya bila debe.

Siku ya harusi mume wangu alitangulia, eti akaweke mambo sawa. Tulipofika Sepuka nikamkuta mama mkwe wangu amekaa mbele kabisa. Nikashangaa. Nikampigia goti, "Shikamoo mama." Akaitikia "marahaba" huku anatazama pembeni.

Mshereheshaji akatangaza maharusi wanaingia. Kayamba ikaanza, ngoma ndogo zikaitikia. Nikamwona mume wangu amevaa kanzu nyeupe na koti. Wallahi nilidhani anamsindikiza mtu. Kisha nikamwona aliyemshika mkono. Zuhura.

Nikawageukia wenzangu. Wote wameinamia ngoma zao, hakuna aliyeinua uso. Zamu yangu ikafika, na mikono ikaingia. Nilipiga mpaka mwisho. Watu wananiuliza kwa nini sikuitupa ile fimbo ya kupigia. Nilitaka ngoma yangu imalizike bila kuharibika. Mama mkwe akaja mbele yangu anapiga vigelegele, akaniinamia sikioni, akasema, "Leo ndiyo umefanya kazi ya maana kwenye ukoo huu."

Tulipomaliza nikamshika mpiga ngoma ndogo. "Mlijua?"

"Dada, angetufukuza."

Mume wangu aliporudi nyumbani nikamwambia dini inakuruhusu kuoa, ungeniambia tu, ningelia nikanyamaza. Akaniangalia kama mtu anayeeleza jambo dogo kwa mtoto. "Ningekwambia, ungetunga vizuri vile?"

Na ni kweli. Nisingetunga vile.

Sasa ile ngoma imependwa. Video yake inazunguka kwenye simu za watu na kila harusi wanaitaka hiyo hiyo. Nimekataa kupiga. Mume wangu hakunibembeleza hata kidogo. Amekuja kuichukua ngoma kubwa, akaniambia, "Kaa upumzike, yupo wa kuipiga." Watoto wanasikia mazoezi kutoka nyumba ya pili, kwa Zuhura, wanasema, "Mama, ngoma yako ile!"

Leo asubuhi Zuhura ameniandikia. Hakuomba msamaha. Ameandika, "Shikamoo dada. Kwenye ngoma kubwa mkono wa kushoto unanishinda, na Jumamosi tuna harusi mjini. Naomba nije unielekeze."

Nikikataa, watanipigia ile ngoma vibaya mbele ya watu, na ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutunga. Nikikubali, nitakuwa nimemkabidhi na kile kilichobaki. Bado sijamjibu. Ninyi mngekuwa kwenye nafasi yangu, mngemjibu nini?