Matobolwa ya Sangara

Wilhelmina wa Bariadi alikuwa na mama mkwe asiyekula, na jambo hilo lilimnyima raha kuliko ukame wenyewe. Bibi Nyanjige aliletwa mjini kutoka Bukundi baada ya ng'ombe wake kwisha kwa kukosa malisho. Meno hana, maziwa hakuna. Kila asubuhi alionja uji mtupu kidogo tu, kisha akageukia ukuta. Mikono yake ilibaki ngozi na mfupa. Wilhelmina alimpenda bibi huyo, ingawa ulimi wake haukuwa na breki.

Kwenye kikundi cha akina mama alisikia kwamba mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani Mwanza minofu ikishatolewa, yana nyama ya kutosha kufanya unga wa kutia kwenye uji. Mapanki nani asiyeyajua? Ni kitoweo ambacho watu hukila wamefunga mlango, kana kwamba wamekiiba. Wilhelmina hakujali. Aliagiza ndoo ya mapanki yenye barafu kupitia Lamadi.

Kosa alilofanya ni la Kisukuma kabisa. Msukuma akitaka kuhifadhi kitu, mkono unajiendea wenyewe kwenye michembe: viazi vibichi vinakatwa, vinaanikwa juani, basi. Naye akakwangua nyama akaianika mbichi juu ya jiwe. Mafuta ya sangara yakachacha, na unga ukanuka hata mbwa wa jirani akahama kivuli. Aliutupa shimoni, akakaa chini akalia, maana siku hiyo bibi alikuwa amekataa hata ule uji mtupu.

Bibi Nyanjige aliyaona yote kutoka mlangoni. Alishatangaza mapema kwamba yeye ni mtu wa maziwa, samaki hatapita kooni mwake. Ila kazi mbovu ilimkera kuliko njaa.

"Nisamehe, mayu, kwa harufu hii," Wilhelmina alisema akipiga goti.

"Umefanya michembe, ng'wanone, mwanangu. Kitu chenye mafuta kinafanywa matobolwa. Chemsha kwanza, ndipo uanike."

Ndoo ya pili ilipofika, bibi alidai kigoda chake kiwekwe jikoni. Akaamuru mapanki yachemshwe, mafuta yanayoelea yaenguliwe. Nyama ikachambuliwa mifupani, ikafungwa kwenye kitambaa na kukandamizwa kwa jiwe hadi ikaacha kutoa maji. Akakemea chandarua kilichotandikwa vibaya juu ya maanikio, akakemea na namna ya kutwanga. Wilhelmina alikuwa hajamsikia akigomba hivyo tangu ng'ombe wafe, na moyo wake ulifurahi kila alipogombezwa. Unga ukatoka laini, bila shombo la kumkimbiza mtu.

Angeweza kuukoroga kimyakimya. Hakutaka kumlisha mtu mzima kwa hila.

"Mayu, uji huu una samaki."

Bibi alikipokea kikombe. Akasema samaki hali, hilo halijabadilika, lakini hajawahi kuacha kazi ya mikono yake iondoke bila kuikagua. Akanywa funda moja. Akanywa jingine. Kikombe kilipokwisha akakirudisha.

"Chumvi haijakolea. Weka tena nihakikishe."

Mpaka leo Bibi Nyanjige hali samaki. Anakagua tu, kila asubuhi. Mashavu yamerudi. Wilhelmina habishani naye, ila amenunua sufuria kubwa zaidi.