Vidole vya Papa Ramazani na Pile Niliyoidharau

Mwanangu, hakuna kitu chenye waya ndani ambacho kinaweza kunishangaza mimi. Nimefungua radio nikakuta panya amezaa mule. Nimefungua ampli ya kanisa nikakuta mahali pa fusibli, ile ya kukata umeme ukizidi, wameweka karatasi ya sigara, na pasta mwenyewe havuti. Niliacha masomo mwaka wa nne wa primere, shule ya msingi, hakuna mutu alinishika mkono, na leo ukifika Mangobo ukauliza fundi wa muziki anakaa wapi, watakuleta mpaka kwenye mlango wa nyumba yangu ya ghorofa. Bon, ghorofa moja na nusu. Ile nusu inakuja. Nakuambia haya ili ujue kwamba maneno yanayofuata hayatoki kwa mutu asiyejua kazi.

Basi, kuna siku moja inanirudia kila nikishika chuma cha kulehemu. Ikinirudia siwezi kukaa. Hata sasa ninavyokuandikia nimesimama mara mbili, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Tonton Dieudo, mkubwa wa orkestra moja ya kupiga kwenye harusi, aliniletea bafle ya gitare, yaani lile sanduku lenye spika mbili. Zote mbili zilikuwa zimeungua. Alikuja pamoja na mpiga gitare wake, Papa Ramazani, mzee mwembamba, mpole, aliyekuwa ametoka kuugua malaria mwezi mzima. Watu walikuwa wanasema ukimsikia Papa Ramazani akigusa nyuzi nzito, hata kiti kinataka kucheza.

Spika moja tuliipata sokoni. Ya pili haikupatikana, kwa hiyo nikaamua kuifufua mimi mwenyewe: nikatoa waya wa shaba ulioungua, nikazungusha mwingine kwa mkono, nikarudisha karatasi yake, nikabandika. Kazi ya siku mbili. Katika mji mzima tulikuwa labda watu watatu tunaoweza kuifanya, na wale wawili walijifunza kwa kuniangalia mimi.

Ilipofika saa ya kuzifunga ndani ya sanduku, Papa Ramazani alikuwa amekaa pale, gitare kwenye magoti. Sasa uelewe jambo hili moja, si gumu. Spika ina vichwa viwili vya waya, kimoja chenye alama nyekundu. Mafundi wote, kabla ya kufunga, wanachukua pile ya tochi, yaani betri, wanaigusisha kwenye vile vichwa viwili, wanaangalia karatasi ya spika: inaruka kwenda mbele ama inarudi ndani? Spika zote mbili lazima ziruke upande mmoja. Moja ikisukuma wakati mwenzake anavuta, sauti nzito inakufa, inabaki sauti ya mutu aliyejibana pua. Ni kazi ya dakika moja. Lakini ni kazi ya wanaoanza, na mimi, kwa maoni yangu, nilikuwa nimeshapita hapo. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikalehemu.

Papa Ramazani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Enjeniere, hauweke pile kwanza?"

Enjeniere ni jina nililojipa mwenyewe. Nikamjibu bila kugeuka, "Papa, shika gitare yako. Mambo ya waya uniachie miye."

Nikajaribu spika moja, ikalia vizuri. Nikajaribu ya pili, ikalia vizuri. Nikaweka zote pamoja, nikainamisha sikio karibu na ile niliyoifufua, maana ndiyo niliyoipenda, nikasikia raha, nikafunga sanduku.

Jumamosi, harusi, saa tisa mchana, turubai limejaa. Papa Ramazani akapiga nyuzi za kwanza. Sauti ilikuwa nyembamba, haina kifua. Akaongeza ampli, ikazidi kuwa nyembamba. Mama mmoja aliyekuwa anacheza akasimama, akashika kiuno, akasema, "Gitare iko na njaa, muipatie lituma ikule." Watu wakacheka. Dieudo akanijia mbio nyuma ya sanduku, akaniuliza, mbele ya wanamuziki na mbele ya wale waliosimama karibu, kama kosa ni la bafle ama ni la mutu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Dieudo alikuwa ameniahidi mitambo yote ya orkestra, niishughulikie mimi peke yangu. Nikaona kazi ile inaondoka. Nikaweka kiganja kwenye spika ya kwanza, inapiga. Nikaweka kwenye ya pili, inapiga. Nikasema kwa sauti, ili kila mutu asikie, "Bafle iko muzima. Ni vidole. Malaria imemaliza vidole vya Papa."

Papa Ramazani hakubisha. Hilo ndilo jambo ambalo sijaweza kuliweka chini mpaka leo. Aliangalia mikono yake, akakunja vidole, akakunjua, kama mutu anayejaribu kiatu cha mwingine. Alinisadiki. Kwa nini asinisadiki? Mimi ndiye niliyekuwa na jina la kujua.

Alipiga harusi ile mpaka mwisho, watu wakicheka. Kesho yake Dieudo akamwambia apumzike kwanza. Papa akafunga gitare yake kwa kitenge, akapanda boti kwenda Isangi, kwa dada yake.

Mimi sikupumzika. Nilikuwa nafungua radio ya mutu, naiacha wazi, nafungua nyingine. Niliwahi kutembea kwa miguu kutoka Mangobo mpaka Kapalata bila shughuli yoyote kule, nikarudi. Mke wangu akaniuliza kama kuna mutu ananifuata. Kilichonifuata ni pile. Ilikuwa kwenye meza yangu ya kazi, nikaiingiza ndani ya sanduku la misumari nisiione. Maana nilijua kwamba sikupima. Nilijua pia kwamba kwenda kupima ni dakika moja tu, na dakika ile niliiogopa kuliko askari.

Baada ya wiki nne na harusi nne, Dieudo akaniletea bafle juu ya toleka, imefungwa na kamba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Kumbe mpiga gitare mpya naye alitoa sauti ileile ya pua. Dieudo akaishusha, akasema taratibu, "Huyu wa sasa iko na miaka ishirini. Naye malaria imemaliza vidole vyake?"

Nikafukua pile kwenye misumari. Spika ya sokoni: karatasi ikaruka mbele. Spika yangu mimi, ile ya mkono wangu, ile ya sifa: ikarudi ndani. Nilikuwa nimezungusha waya wa shaba kinyume. Nyekundu haikuwa nyekundu tena, na aliyeigeuza ni mimi. Nikabadilisha waya mbili, nikaunganisha gitare ya mteja iliyokuwa pale kwa matengenezo, nikapiga uzi mnene mara moja. Bisibisi zikatetemeka juu ya meza.

Dieudo akafurahi. Akaniambia yaishe, tuseme waya ilikuwa imelegea, donc kazi iendelee. Nilikuwa na nafasi ya kutoka msafi. Nikaifikiria, sitakudanganya. Nikaizunguka meza kama mara kumi. Halafu nikamwambia asipange harusi ya Jumamosi ijayo bila Papa, nikashuka bandarini.

Isangi nilimkuta Papa Ramazani amekaa nyuma ya nyumba ya dada yake, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji ya moto. Dada yake akaniambia anafanya hivyo kila asubuhi, anataka vidole virudi. Gitare aliiuza kwa fundi seremala wa palepale, kwa sababu hakutaka kuiona.

Nikamwambia yote, nimesimama. Pile, waya wa shaba, harusi, uongo. Alitoa mikono kwenye maji, akaifuta polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mutoto yangu," akasema, "juu ya sauti sikasirike. Bafle inaharibikaka. Lakini ulinifanya nianze kuogopa mikono yangu."

Nikatoa pesa, akazisukuma pembeni.

"Ulisema mbele ya watu," akasema. "Utaenda kuiondoa palepale, mbele ya watu."

Nikaiondoa. Jumamosi ile, turubai limejaa, nikashika mikro nikasema kwamba bafle ndiyo ilikuwa mbovu, na aliyeifanya mbovu ni mimi, na Papa aliniuliza pile nikamjibu kwa kiburi. Walicheka mpaka bibi harusi akafuta machozi. Halafu Papa Ramazani akagusa nyuzi nzito, kicheko kikageuka kucheza. Jina la Enjeniere lilikufa siku hiyo. Mpaka leo wazee wa Mangobo wananiitaka Papa Pile, nami naitika.

Mwanangu, sikiliza. Siku kazi yako ikienda vibaya, anza na mkono wako kabla hujagusa mkono wa mwingine. Kile kipimo kidogo cha wanaoanza, ukifanye hata ukiwa na mvi, na ukifanye mbele ya mteja bila aibu. Na ukishapata jina la kujua, ogopa mdomo wako, kwa sababu watu watausadiki, hata mutu mzima atausadiki dhidi ya vidole vyake mwenyewe.

Mungu akupe mikono mizuri na moyo wa kuipima. Akupe na wateja wengi, lakini asikupe hata mmoja kwa njia niliyotaka kumpata Dieudo.

Na usidhani nilitoka bure. Boti, safari tatu, kwenda mmoja na kurudi wawili: dola kumi na nane. Kuinunua tena gitare ya Papa, seremala alijua nina haraka: dola sabini. Harusi nne alizozikosa Papa, ambazo mwishoni dada yake ndiye aliyekubali kuzipokea: dola arobaini na nane. Pile ilikuwa yangu tangu mwanzo. Jumla, mwanangu, dola mia moja thelathini na sita.