Kabla Hujaikata Pikapu ya Babu Yako

Mwanangu, jana ulikuja hapa gereji Malaba na picha kwenye simu, ukanionyesha pikapu ya zamani ya babu yako, ile iliyolala nyuma ya nyumba yenu kule Amagoro. Ukaniambia unataka kuivua bodi yake na kuikalisha juu ya chesisi ya pikapu ya kisasa, yaani ile fremu ya chini inayobeba injini na magurudumu, halafu ufupishe nyuma ili ikae vizuri. Ukaniomba nikuazime grenda, ile mashine ya kukatia chuma, Jumamosi. Sikukujibu. Labda ulidhani masikio ya mzee yameanza kuchoka. Masikio yangu yako sawa kabisa. Nilinyamaza kwa sababu ulinikumbusha siku moja ya ujana wangu, siku ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta. Keti hapo kwenye hilo gurudumu nikueleze. Grenda haiendi popote.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kuchomelea chini ya Mzee Ekisa, mtu mpole wa kabila la Wateso aliyekuwa na gereji hapa hapa, karibu na foleni ya matrela yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Nilijiona fundi wa kutajwa. Baba yangu, Ojiambo, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, kwetu Namboboto, akatuachia pikapu ya rangi ya maziwa yenye taa mbili za duara na pua iliyofura. Siku za kawaida baba alibebea mihogo ya watu kwenda sokoni, na samaki kutoka Sio Port, kule ziwani. Maji ya samaki yale ndiyo yaliyoila chesisi. Ukiigonga kwa nyundo, kutu inamwagika. Lakini bodi yake, ah, bodi ilikuwa nzima, na sakafu ya mbao baba aliibadilisha kila ilipoanza kuoza.

Ilikuwa na kazi nyingine pia. Mtu wa upande wetu akifia hospitali Busia, jamaa zake walikuja kwa baba. Hakuitisha chochote. Aliiosha gari kwa mkono wake mwenyewe, hata sisi watoto hakuturuhusu, akatandika mkeka safi, na jeneza likiingia alilifunga kwa kamba kwenye vipete vinne vya chuma alivyovichomelea kwenye kingo za chuma za sakafu, viwili karibu na kebini na viwili karibu na mlango wa nyuma. Kisha aliufunga mlango, akaujaribu kwa mkono mara mbili. Mlango usipokaza, haondoki. Niliyaona hayo tangu nikiwa mdogo, mwanangu, ndiyo maana nikayasahau. Kitu ukikizoea sana hukioni tena.

Nilipomwendea mama kuiomba, hakunisumbua.

"Ichukue, Wandera," alisema. "Inaozea hapo bure. Lakini usisahau kazi yake. Baba yako alinitoa kanisani na hiyo gari siku ya harusi yetu. Siku yangu ikifika, nataka hiyo hiyo inirudishe nyumbani."

"Ndiyo, mama," nikajibu. Unajua nilikuwa wapi nikijibu? Nilikuwa nimelala chali chini ya gari, natazama springi. Kichwani nilikuwa nachagua rangi.

Chesisi nikaipata ya pikapu mpya iliyopinduka. Ilikuwa nzuri, imara, ila ilikuwa fupi. Bodi ya baba ilikuwa na futi nane kwa nyuma, na kule kwenye chesisi futi mbili na nusu zilibaki zinaning'inia hewani. Mzee Ekisa akaja na kikombe chake cha chai, akazunguka mara moja.

"Kijana, iko njia mbili," akasema. "Turefushe chesisi, ama ukate bodi. Kurefusha ni kazi ya mwezi. Kukata ni siku mbili. Lakini kabla hujakata, enda nyumbani uulize hii gari ilikuwa inabeba nini."

"Naijua, mzee. Nimezaliwa nayo."

"Kama unaijua, niambie."

"Mihogo na samaki," nikasema.

Alikunywa chai funda moja. Kisha akasema, "Haya," akaenda zake na chai yake. Mimi nikafurahi kwamba mzee ameshindwa na hoja. Rafiki yangu mmoja alikuwa anaoa hapo Amagoro wiki iliyofuata, na nilikuwa nimeapa kwamba maharusi watapanda gari langu. Mwezi mzima ningeutoa wapi? Nikawasha grenda. Nikakata zile futi mbili na nusu za mwisho, pamoja na vipete viwili vya nyuma, nikausogeza mlango mbele, nikachomelea, nikalainisha, nikapiga rangi ya kijani kibichi. Hata wewe ungeangalia, usingejua palikatwa wapi. Kipande nilichokitoa nikakitupa kwenye rundo la vyuma chakavu.

Harusini watu waliacha kumtazama bwana harusi wakatazama pikapu. Nisikudanganye, kichwa kilinivimba. Madereva wa matrela walikuwa wanashuka kuniuliza nani ameitengeneza, nami nilikuwa najibu huku naifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Mwezi haukuisha, baba mdogo Egesa akafariki pale Busia. Alikuwa mdogo wake baba, mtu mrefu, mtaratibu, aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Nyumbani hawakukaa kikao kuhusu usafiri. Walisema tu, Wandera yuko na gari ya Ojiambo. Nikaiosha, nikaenda mochari asubuhi na ndugu wanne. Tukalibeba jeneza, tukaliingiza. Likaenda, likaenda, likagota kebini. Na bado futi moja na nusu ilikuwa nje.

Tukalisukuma tena, halikwenda. Mlango haukuweza kufungwa, ilibidi uachwe wazi ukining'inia. Nikainama kutafuta vipete vya kufungia kamba za nyuma, mkono ukapapasa chuma kitupu. Hapo ndipo uso uliponishuka, mwanangu. Tukazungusha kamba huku na huku, ikawa inateleza. Halafu jamaa mmoja wa barabarani, mpakiaji wa mizigo, akatuonea huruma. Akachomoa kitambaa chekundu mfukoni mwake, akakifunga kwenye ncha ya jeneza, vile wanavyofunga kwenye mbao ndefu ili gari la nyuma lisije likagonga. Hakuwa na nia mbaya yule. Alikuwa anatusaidia kwa namna aliyoijua.

Hivyo ndivyo nilivyomsafirisha baba mdogo wangu. Watu wa barabarani walikuwa wanavua kofia, kisha wanakiona kile kitambaa, wanatazamana. Tulipoacha lami na kushika barabara ya murram ya kwenda Namboboto, jeneza likaanza kurudi nyuma kila tulipopanda mlima. Nabwire, binti yake marehemu, alikuwa ameketi kando yangu. Akaniambia nisimame. Akashuka, akavua viatu, akatembea nyuma ya gari akiwa ameweka mikono miwili kwenye jeneza la baba yake, analizuia lisianguke. Kaka zake wakashuka pia. Niliendesha polepole mpaka nyumbani nikiwatazama kwenye kioo, na machozi yakinitoka. Nilijua hakuna wa kumlaumu ila mimi.

Tulipofika, mama alikuja moja kwa moja nyuma ya gari. Wanawake walikuwa wanalia, yeye hakulia. Akakifungua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakishika mkononi mwake mpaka mazishi yakaisha. Watu walipotawanyika akaniita kando.

"Wandera," akasema, "na mimi utanifungia hiki?"

Akanitia kitambaa mkononi, akaenda kuwapa wageni chakula. Nimewahi kutukanwa mara nyingi katika kazi hii, na maofisa wa mpakani, na wenye matrela, na hata na mke wangu. Yote nimeyasahau.

Nilirudi Malaba nikamweleza Mzee Ekisa kila kitu. Nilitegemea anicheke au anifukuze. Aliingia stoo, akatoka na mkebe wa misumari. Ndani yake mlikuwa na vipete viwili vya chuma.

"Ile bati yako ilishachukuliwa na watu wa kutengeneza jiko," akasema. "Hivi nilivitoa kwanza. Baba yako alivichomelea hapa hapa. Mimi ndiye nilimshikia taa."

Nikashindwa kujizuia. "Mzee, ulijua! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza," akasema. Kisha akaweka mkebe chini. "Lakini na mimi niko na makosa. Kijana akiwa na haraka, kumuuliza peke yake haitoshi. Ningekushika mkono."

Kazi niliyoikimbia nikaifanya. Mwezi mmoja na siku kadhaa, kila jioni baada ya kazi za wateja, jua likiwa bado halijazama. Tulikata chesisi mahali Mzee Ekisa alipochora kwa chaki, tukaongeza chuma kinene, tukaweka vyuma vingine kando kwa bolti ili kiungo kisibebe uzito peke yake, tukapima pembe kwa pembe mpaka nikaota futi usingizini. Nikatengeneza upya nyuma iliyopotea. Vile vipete nikavirudisha mahali pake.

Nikampelekea mama. Alikuwa ameanza kutembelea fimbo. Hakusema lolote kuhusu rangi. Aliniagiza nilete mkeka wake wa kulalia, akanielekeza nikautandika sakafuni, ukaenea na nafasi ikabaki. Akaufunga mlango wa nyuma mwenyewe, akaujaribu mara mbili. Kisha akapitisha kidole kwenye mstari wa mahali nilipounga, ambao ulikuwa bado unaonekana.

"Huu nitaulainisha, mama, nitapiga rangi usionekane," nikamwambia.

"Uache," akasema. "Uwe unauona."

Mama aliishi miaka tisa mingine, Mungu ni mwema. Siku yake ilipofika niliiosha pikapu peke yangu, watoto wangu nikawakataza. Nikatandika mkeka ule ule. Nikamfunga mama yangu kwa kamba kwenye vipete vinne. Nikafunga mlango, nikaujaribu mara ya kwanza, nikaujaribu mara ya pili, ukakaza. Nabwire alikaa kando yangu na viatu vyake miguuni, hakushuka hata kwenye mlima. Mfukoni nilikuwa na kile kitambaa chekundu, nilichokihifadhi miaka yote hiyo. Nilijifutia machozi nacho.

Sasa unajua kwa nini sikukujibu jana. Sikukatazi kuijenga hiyo pikapu. Ijenge, tena mimi nitakusaidia, maana chuma cha wazee wetu kinafaa kutembea, si kuozea nyuma ya nyumba. Lakini mimi sitarudia kosa la Mzee Ekisa la kukuuliza tu na kukuacha. Grenda sikupi Jumamosi hii. Jumamosi hii nenda Amagoro, uketi na bibi yako, mke wa babu yako. Usiende na simu wala na futi ya kupimia. Muulize gari lile lilibeba nini, lilimbeba nani, na yeye mwenyewe analitegemea kwa kazi gani. Akichelewa kujibu, ngoja, usimjibie. Kitu ulichoachiwa kina watu ndani yake ambao huwaoni, na baadhi yao bado wako hai wanakungoja. Kupima chuma utajifunza kwa wiki moja. Kupima watu ndiko kulikonishinda mimi nikiwa na akili zangu timamu. Ukisharudi na jibu, tutachora chaki pamoja.

Enda salama, mwanangu. Mungu akutulize moyo kabla mkono haujashika chuma, akuachie bibi yako miaka mingi ya kukusimulia, na siku atakapokuhitaji, mlango wa nyuma ufungike.