Mafuta Yalikuwa Bado Yanapashwa

Meneja Ngimba alifungua tambara langu kwenye swichi, akalitupa chini kwenye maranda, akamwambia Festo, "Washa." Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika kopo la mafuta ya moto kwa mikono miwili. Nilisikia vizuri. Na Festo alimjibu vizuri, kwa adabu: "Bosi, fundi hajamaliza. Pampu bado kavu."

"Fundi nimemkuta nyuma huko anaota moto," akasema Ngimba. "Washa, lori linasubiri."

Festo akawasha.

Nitarudi hapo. Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana vijana wengi mtakaosoma haya hamjawahi kufunga pampu ya mafuta kwa mkono, na bila kujua hilo hamtaelewa ninamdai nini huyu mtu.

Niliishia darasa la saba. Siku ya kwanza kuingia karakana ya Mwanjelwa, fundi mkuu, Mzee Haule, alinipa kitu kizito, kikubwa kama kikombe cha chai, ndani kina gia mbili zinazotafunana. Akaniambia, "Huyu ni mama lishe wa mashine. Asipopika yeye, hakuna anayefanya kazi." Ilikuwa pampu ndogo ya kusukuma mafuta ya kulainishia, ya mashine ya kusaga mahindi. Shafti inazunguka, pampu inazungushwa nayo, mafuta yanapanda kwenye bomba jembamba mpaka kwenye beringi. Mafuta yasipofika, chuma kinasuguana na chuma.

Asubuhi hiyo hiyo nikaigonga kwa nyundo ili ikae mahali pake. Mzee Haule akaniangalia. "Ambokile, hiyo pampu imekutukania mama?" Karakana nzima ikacheka. Kuanzia hapo nikajifunza kuikalisha kwa kiganja, taratibu, na gasketi yake, ile karatasi ya kuzuia mvujo, imelala vizuri.

Pampu mpya ina tabia moja. Ikiwa kavu haivuti, inatafuna hewa tu. Kwa hiyo unaijaza mafuta kwa mkono kabla ya kuifunga, unalegeza nati ya bomba kule mwisho, kisha unazungusha shafti kwa mkono. Kwanza linatoka povu. Halafu yanatoka mafuta yenye mapovumapovu. Mwisho yanatoka mafuta matupu, mfululizo, kama asali. Hapo unakaza nati. Huko ndiko kutoa hewa. Na kabla hujamaliza kutoa hewa, fundi unafunga tambara lako kwenye swichi, na ni wewe peke yako unayelifungua. Mzee Haule alikuwa anasema, "Hata mwenye mashine akija, hata baba mkwe akija, wasalimie, wape kiti, lakini swichi waiache."

Mwaka mzima nilipewa kazi ya kushika bomba tu. Unaweka vidole viwili juu ya bomba, unasikia mafuta yanavyokuja, kitu kama mshipa wa mtoto. Sijui niwaelezeje. Nimewahi kushika vitu vingi, lakini hicho ndicho ninachokikumbuka ninapolala.

Mzee Haule alipofariki karakana ikafa, nami nikapata kazi kwenye kiwanda cha mbao Kilolo. Huko ndiko nilikokutana na Festo wa Kalenga, mwendesha msumeno. Tulikuwa watani. Akiniona nimevaa makoti mawili ananiita, "Mtani, umeacha blanketi nyumbani au umelivaa ndani?" Baridi ya Kilolo si ya mchezo. Mwezi wa sita na wa saba mafuta yanakuwa mazito kama uji uliolala. Ukiyatia hivyo kwenye pampu mpya, utazungusha shafti mpaka bega litoke na povu halitaisha. Kwa hiyo mafundi wa kule juu tuliyapasha kwanza. Unawasha moto wa mabaki ya mbao nje, unaweka kopo pembeni, unakaa nalo, maana ukiliacha litashika moto. Anayepita anaona mtu amechuchumaa kwenye moto, mikono mbele. Foromani wa zamani alijua, akawa anapita anauliza tu, "Yamelainika?"

Ngimba hakuuliza. Alikuwa ametoka ofisi ya mauzo Iringa mjini, baridi yetu bado ngeni kwake. Aliona moto, akaona mtu anaota.

Basi, msumeno niliokuwa naufungia pampu mpya siku hiyo ukazunguka. Nilipiga kelele, "Zima! Haina mafuta!" Ngimba akaninyooshea mkono, akasema, "Acha ipate moto yenyewe." Beringi ikaanza kulia, sauti nyembamba, inapanda. Festo akaangalia kwangu, akaangalia kwa bosi wake. Niliweka kopo chini nikakimbilia swichi, na ukitokea mlangoni, ili uifikie lazima upitishe mkono juu ya mkanda unaozungusha shafti. Shafti ikaganda. Mkanda ukakatika ukaruka. Ulichukua vidole vyangu vitatu. Festo ulimpiga kifuani, hakusema neno tena.

Walimzika nikiwa hospitali. Niliambiwa na waliokuwepo kwamba Ngimba alisimama makaburini, akavua kofia, akatoa pole za kiwanda, akasema marehemu aliwasha mashine bila ruhusa ya fundi. Sikuitwa mahali popote kusema nilichosikia. Nilisubiri niitwe mpaka nikaambiwa nipumzike, na huko kupumzika ndiko kustaafu kwangu.

Sasa nalima viazi huku Mbeya, jembe nalishika kwa mkono wa kushoto. Nikienda Mwanjelwa napitia nyuma, kwenye mashine za kusaga, nasimama tu. Mafundi wananiuliza, "Mzee, tukusaidie nini?" Nasema napita. Natamani wanipe bomba nilishike.

Lakini hilo ni langu, nitakufa nalo. La Festo si langu. Nilikwenda Kalenga kwa mkewe, Mama Neema, nikamweleza neno kwa neno. Akanikaribisha, akanipa ugali, akasema, "Shemeji, nakuamini. Ila wewe ni rafiki yake, watu watasema unamtetea. Watoto wangu wanaambiwa shuleni baba yenu alijiua kwa ujeuri. Mimi nataka aliyesema makaburini aseme tena."

Bwana Ngimba, upo Iringa, mzima, nimekuona kwa macho yangu. Nenda Kalenga. Usiende na mchele wala sukari. Waite wale wale waliokusikia ukitoa pole, Neema na wadogo zake wakae mbele, kisha uwaambie ni nani aliyesema "washa."