Chale za Magdalena

Hapana, mwanangu, hiyo ya "siku hizi wote wanafanya" usiniletee. Najua chuo kimekuagiza ulainishe nyuso za wahitimu wapendeze kwenye kalenda. Najua kompyuta inamaliza kwa dakika moja. Mimi nilifanya kwa wembe, na mimi pia niliagizwa. Weka simu chini kwanza, unisikilize.

Nakumbuka siku moja, miaka ile ya foleni, sabuni tunakatiwa vipande. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi studio ya Mzee Laurenti pale Bagara. Shule zilikuja kwetu kwa picha za mahafali. Filamu ilikuwa adimu kuliko sukari. Mzee akiipata anaifungia kabatini, anatuonya, "Mtu mmoja, mara moja. Akifumba macho, shauri yake." Mimi nilikuwa na haraka. Niliona kila kitu kinachelewa, mji mzima, na huyo mzee zaidi.

Shule moja huko mbele ya Sigino ilipata msichana wa kwanza kuchaguliwa sekondari. Mwalimu mkuu akataka picha yake kubwa, chini yake nichore maandishi, itundikwe ofisini. Msichana ni Magdalena, mtoto wa Kibarbaig, chale ndogondogo zimezunguka macho yote mawili.

"Binti, hizo alama zitoe," mwalimu akaniambia. "Wageni wa wilaya wanakuja."

Nisikudanganye, mwanangu, hata asingesema ningezitoa. Nilijiambia namsaidia, huko bwenini watamcheka. Mzee Laurenti alikuwa Arusha anatafuta karatasi za picha. Nikampiga picha, nikachukua negativu yake, ile filamu yenye sura, nikakwaruza kwa ncha ya wembe, chale moja baada ya nyingine, mpaka zote zikaisha. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya kwa subira.

Siku ya mahafali kila mtu alisifu. Magdalena mwenyewe aliiangalia picha, akajigusa pembeni ya jicho, akasema, "Asante, dada." Nikafurahi, mimi mjinga. Sikumwuliza hata neno.

Sekondari hakufika. Likizo ile ile alishikwa na homa ya uti wa mgongo, wakamzika.

Wiki chache baadaye mama mmoja akapiga hodi studio. Miguu ina vumbi mpaka magotini, mkononi ana kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri. Zile chale nikaziona kwenye uso wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi mama Magdalena. Nimefuata mtoto."

Nikasafisha nakala haraka haraka, nikampa kwa mikono miwili. Akaitazama. Akasogea mlangoni kwenye mwanga. Akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Ni Magdalena, mama."

"Hapana." Akaweka kidole pembeni ya jicho lake. "Hapa wakati wanamchanja, kichwa nilishika mimi. Hakulia. Huyu hakushikwa na mtu."

Akaiacha picha mezani. Kile kitambaa akakikunja tena, kitupu, akaondoka.

Mzee Laurenti aliporudi nikamweleza. Akainua negativu dirishani, akaikagua.

"Nyingine iko wapi?"

"Hakuna, mzee. Ulisema mara moja."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Mkono unao, binti," akasema. "Lakini umeona uso wa mtoto wa watu, ukadhani mama yake hakumaliza kazi." Akavua miwani, akaniambia nifunge studio.

Ndiyo maana nakukatalia, mwanangu. Yule kijana mwenye kovu la moto, yule dada mwenye meno ya kahawia kama yetu sote tuliokunywa maji ya huku, waulize wenyewe kabla hujagusa. Na ile picha ya kwanza usiifute, hata akuagize nani. Mkuu wa chuo ataangalia kalenda mara moja, apite. Nyumbani kuna mtu ataiangalia mpaka anazeeka.

Mungu akupe jicho linaloona watu, na mkono mzito kwenye kufuta. Asije mama yeyote akakuachia mtoto wake mezani.

Daftari langu la jioni ile niliyofunga studio ninalo bado. Mwandiko unakimbia, sehemu nyingine wino umelowa. Nimeandika hivi:

"Kesho asubuhi mapema naenda kwa miguu mpaka kwao Magdalena. Nabeba picha, brashi ile nyembamba na rangi nyeupe. Nitapiga magoti kwa mama yake, nimwombe anioneshe kwa kidole chake, moja moja, zilikuwa wapi."