Majani ya Mpera wa Mama

Nyumbani kwetu Kidichi, tumbo likimvuruga mtu, mama humchemshia majani ya mpera. Tumekua tukiyanywa, machungu, yanakausha ulimi. Kwa hivyo nilipoanza kazi kwenye maabara ya mimea mjini, na mkubwa wangu akanitaka nichague majani ya kupima, niliyachuma ya mpera ulio nyuma ya jiko la mama.

Kipimo chenyewe si kigumu. Unasaga majani makavu, unayaloweka kwenye maji ya moto, unachuja, kisha unadondoshea dawa yenye chuma. Ikiwemo tanini, ile inayokausha ulimi, maji hugeuka meusi kama wino. Yangu yaligeuka papo hapo. Nikampigia mama simu kwa furaha, nikamwomba anikaushie mengine.

Majani ya mama yalipofika, maji hayakugeuka. Nikabadilisha dawa, wapi! Nikaosha vyombo upya, nikayapima mafungu yote mawili sambamba. Yale niliyochuma mwenyewe, meusi. Ya mama, manjano hafifu. Na mpera ni mmoja! Mwenzangu akasema labda mvua. Nikawaza jua, nikawaza udongo, mwisho nikaanza kuushuku mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa nikaenda Kidichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekunja uso?"

"Majani yako yananichanganya. Uliyachuma wapi?"

"Si hapo nyuma!"

"Ukayakausha tu?"

"Nliyachemsha kwanza, nkanywa maji yake. Tumbo lilikuwa likinsokota. Nkaona hasara kuyatupa, na wewe unayataka, ndo nkayaanika."

Nilikaa kizingitini nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mama akanitazama kwa wasiwasi.

"Kwani nimekunywa kitu kibaya?"

"Hapana, mama. Umekunywa kile nnachokitafuta."

Jioni ile nilichuma mengine kwa mkono wangu, nikayakausha kivulini, nikarudi nayo kazini nikiwa na uhakika. Nilipodondosha dawa, maji yakawa kijivu. Si meusi, si manjano. Nikarudia. Kijivu.

Nilimpelekea mkubwa wangu matokeo yote matatu. Alivua miwani, akayatazama moja moja.

"Sasa hii maana yake nini?"

"Ya yale ya mama nnaijua," nikamwambia. "Hii ya mwisho, wallahi, sijui."

Akanirudisha kwenye mpera ule ule, nikachume upya, majani machanga mbali na yaliyokomaa mbali, tuone kama tofauti ni umri wa jani.