Majivu ya Mama Mkwe kwenye Gari Jeusi

Mpaka leo nikisikia mtu anasugua sufuria kwa majivu na makumbi ya nazi, damu inanichemka. Mke wangu anajua. Husubiri nitoke ndipo asugue.

Nilikuwa dereva wa bwana mkubwa pale Kisarawe, miaka ile watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini. Gari lilikuwa la serikali, jeusi, na kila alfajiri nililiosha mwenyewe: maji mengi, kitambaa laini, mkono mwepesi. Rangi nyeusi haina siri. Ipitishie kitambaa chenye punje moja ya mchanga, jua litakuumbua mbele za watu. Kwa hiyo sikumruhusu mtu kuligusa, hata mke wangu.

Siku moja tukaenda Kurui kwenye mkutano wa kijiji. Kurui ndiko nilikooa. Mama mkwe hakunitaka tangu siku ya posa. Alisema dereva ana mke kila penye kituo cha mafuta. Nikaoa kwa ubishi, na tangu hapo tukaishi kwa adabu ya ukwe: simtazami usoni, hanitazami, na hatusemezani ila kupitia watu. Adabu ile niliipenda sana, maana ilinipunguzia kumwona.

Bwana mkubwa akaingia mkutanoni. Mimi nikakaribishwa ndani kwa wakwe, nikatandikiwa mkeka, nikaletewa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Nje wanawake walikuwa wanacheka, na nikasikia kwaru, kwaru, kwaru. Nikadhani wanasugua masufuria ya shughuli. Mkwe hatoki ovyo wakati mama mkwe yuko uani, asije akagongana naye uso kwa uso ikawa fedheha. Basi nikakaa. Nikala, nikaramba na vidole, huku nasikiliza, bila kujua, gari langu linachunwa ngozi.

Nilipotoka nilikuta limelowa, linang'aa chini ya mikorosho. Mama mkwe kajitanda kanga mpaka puani, kanipa mgongo, mikono yake ina majivu mpaka kwenye viwiko.

"Mwambieni mkwe gari lake limetakata," akawaambia wenzake. "Lilikuwa na vumbi la kutia haya. Watu wangesema gari la mkwe wangu halina mwenyewe."

"Mwambieni mama nashukuru sana," nikajibu, nimeinamisha kichwa.

Nilishukuru! Kwa kinywa changu hiki hiki.

Tulipotoka tu kwenye mikorosho jua likapiga boneti. Loo! Viduara, viduara, viduara. Vidogo, vingi, kimoja juu ya kingine, kuanzia kwenye taa mpaka kwenye kioo, vile vile unavyoona kwenye tako la sufuria iliyosuguliwa. Nikaongeza mwendo, kama mjinga, nikidhani nitalikimbia jua.

"Simamisha," bwana mkubwa akasema. Akashuka, akapitisha kidole kwenye mlango. "Nini hiki?"

"Vumbi, mzee."

"Vumbi halizunguki. Mtu amelikwaruza gari la serikali makusudi. Hii ni hujuma." Miaka ile neno hilo lilikuwa halitamkwi kwa mzaha. "Baada ya siku tatu mgeni anatoka Dar, na hili ndilo atakalopanda. Nataka litengenee. Tena nataka jina la aliyefanya hivi. Jina, au unikabidhi funguo zote mbili, wa gari na wa nyumba."

Nyumba ile ya serikali ndimo walimolala mke wangu na watoto watatu. Na jina nilikuwa nalo. Lilikuwa ulimini kabisa, na Mungu ananiona, nilitamani kulitema. Lakini mwanamume amtaje mama mkwe wake, mgambo waende kumtoa uani kwake wakimswaga kama mbuzi? Ningeuweka wapi uso wangu? Nikajiambia nitaifuta ile mikwaruzo mpaka bwana mkubwa asahau kwamba iliwahi kuwapo.

Nikaliendesha mpaka Kibaha, kwa fundi rangi mmoja mzee mwenye mashine ya polishi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeniletea gari au sufuria?"

Sikucheka. Akalizunguka, akaguna, akasonya, akanitukana mimi na wazazi walionileta mjini. Kisha akaniambia kitu ambacho sijakisahau: mikwaruzo haijazwi, inashushwa. Unaisugua rangi ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kila ukisugua, rangi inapungua, na ukizidisha unatokea kwenye rangi ya chini, ile ya kijivu, na hapo huna gari.

Mashine aliipitisha kwenye boneti, kwenye paa na kwenye buti, taratibu, anaisogeza bila kuituliza mahali pamoja maana joto lake linaunguza rangi. Kwenye milango, kwenye kingo na kuzunguka vitasa akakataa. "Hapo ni mkono. Na mkono ni wako, sijakwaruza mimi." Akanipa dawa ya kusugulia iliyobaki kwenye kopo, nzito kama uji. Wakati ule dawa ile ilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo matusi yake nikayameza.

Nikasugua siku mbili, kivulini, bati likiwa limepoa. Kipande cha ukubwa wa sahani, mbele nyuma, mbele nyuma, kwa mstari ulionyooka, kwa fulana kuukuu iliyofuliwa mara tatu. Fulana ikianguka chini unaitupa, hujiulizi mara mbili. Unafuta, unasogeza gari juani, unatazama, unatukana, unalirudisha kivulini. Mabega yalivimba. Na kila kiduara nilichokifuta nilimtaja mama mkwe moyoni, tena si kwa dua.

Siku ya tatu asubuhi nikalisimamisha mbele ya ofisi, jua likiwa limeliangukia lote. Bwana mkubwa akalizunguka, akainama, akachungulia ubavuni. Hakuona kitu. Akajiona mwenyewe tu, na shingo yake nene.

"Umefanya kazi," akasema.

"Ahsante, mzee."

"Sasa jina."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mzee, gari si limepona?"

"Gari limepona. Aliyelikwaruza bado yuko huko anatucheka. Jina."

Nikamtazama. Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyomchukia mwanamke wa Kurui, na hicho si kipimo kidogo. Nikatoa funguo mfukoni, nikaziweka juu ya boneti, polepole, nisije nikaikwaruza.

"Mimi," nikasema. "Nililiosha kwa haraka, kwa kitambaa cha mchanga."

Alijua namdanganya, lakini alikuwa amepata jina la kuandika. Kabla ya Ijumaa tukatoka kwenye nyumba. Mimi nikapelekwa Ruvu kuendesha lori la mchanga, nalala chini ya turubai. Mke wangu na watoto wakarudi Kurui kwa mama yake, kulima mihogo. Na huko, naletewa habari, mama mkwe anatangaza kisimani: dereva gani huyo anayeshindwa kuosha gari?

Nikavumilia. Nikajiambia hajui, na asiyejua hana kosa. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Mtoto wetu wa mwisho akawa amekonda hadi mbavu zinahesabika, mke wangu akaja Ruvu kuomba pesa za matumizi, nikagombana naye kwa hasira za umaskini, na katika ugomvi ule ikamtoka: mama anajua kuwa ni majivu yake. Alijua tangu wiki ile ile.

Sikusubiri kukuche vizuri. Nikaenda naye Kurui, nikasimama uani kwa mama yake, nikaita kwa sauti ya juu, bila hodi wala shikamoo. Akatoka bila kujitanda. Tukatazamana, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe.

"Ulijua!" nikamwambia. "Nimebeba kosa lako, nimepoteza kazi, nimepoteza nyumba, nawe unanisengenya kisimani!"

Nilitegemea aone haya. Hakuona hata kidogo.

"Nani alikutuma ulibebe?" akasema. "Ungenitaja. Wangenifanya nini mimi, kikongwe? Wangenifunga kwa kosa la majivu? Ningelala kwa mgambo siku mbili, nikarudi kwangu. Wewe ukaona bora usifiwe adabu, na mwanangu alale na watoto wake kwenye mkeka wangu, na njaa. Hiyo adabu ulimfanyia nani?"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Mke wangu alikuwa amesimama pale uani, mtoto mgongoni, amesikia yote. Nikamgeukia ili anitetee, naye akatazama chini.